Joka Halimwoni Asiyetikisika

Doto mwanangu,

Kama unaisoma barua hii, basi umekwisha kufika chini ya michembe, hivyo viazi vikavu nilivyokufungia, na nakujua, lori halijafika hata nusu ya njia ya Geita. Nimeiweka humo makusudi. Ningeiweka kwenye mfuko wa shati ungekaa nayo wiki nzima hujaifungua, lakini chakula hakijawahi kukungoja.

Salamu nimekupa jioni kwa mdomo, sizirudii. Maagizo nayo sina. Baba yako amekuagiza kutwa nzima, mpaka namna ya kufunga kamba za viatu ambavyo hujapewa bado, naye mgodi anaujua, ujana wake uliishia humo na kile kikohozi alikitoa humo. Shuka nimelifua. Hayo mengine utajifunza kwa kuona wenzako.

Ninachoandika hapa ni jibu. Leo jua lilipokuwa linashuka ulikuwa unafunga sanduku lako, nami nimekaa kizingitini nakutazama. Nikakuuliza kama utaogopa huko chini ya ardhi. Ulijua ni utani, maana ulicheka. Halafu ukasema, hata uso hukuinua, "Mayu, mimi wa kuogopa nini? Si ni mimi yule niliyetikisika?"

Ukaendelea kukaza kamba. Mimi nikasimama nikatoka. Ulidhani naenda kufunga mbuzi, lakini mbuzi walikuwa wamekwisha kufungwa. Nilikwenda nyuma ya ghala la mtama nikashika ukuta kwa mikono miwili. Miaka yote hii nilidhani umesahau. Kumbe ulikuwa unakua nalo hilo neno, unachunga nalo, unakwenda nalo shule na kurudi nalo, na mimi nakupakulia ugali kila siku bila kuliona.

Utasema, mama yangu tunalala nyumba moja naye, kwa nini asiniambie. Bibi yako, mama wa baba yako, alikataza jambo hili lisisemwe ndani ya ua huu, na ingawa ametangulia, bado nikilifungua mdomoni naona kama yuko pale kwenye jiwe lake la kusagia ananisikiliza. Kuandika hakukukataza. Hakujua kama ninajua kuandika kiasi hiki. Sista wa misheni alinifundisha herufi wakati wa mafundisho ya ubatizo, akanifundisha kwa Kiswahili, na usiku huu namshukuru. Kwa Kisukuma maneno haya yangenikaba. Kwa Kiswahili, lugha ya dukani na kanisani, naweza kuyasogeza moja moja mpaka yaishe.

Nianze na lile joka, kwa sababu mengine yote yalitoka humo.

Mlikuwa mnaanza kung'oka meno ya utoto, wewe na pacha wako Kulwa. Baba yenu alikuja likizo akawaambia kwamba anashuka kwa ngazi ndani ya ardhi, mpaka mahali ambapo hajui kama juu ni mchana au usiku, na kwamba huko chini mwamba hunguruma wenyewe. Alisema hivyo kwa kujisifu kidogo, akala, akalala, akarudi kazini. Mimi nikaachiwa swali. "Mayu, kinachonguruma ni nini?"

Ningesema sijui, yangekwisha. Lakini nilikuwa mama kijana, mume yuko mbali, mama mkwe ananitazama, na neno "sijui" niliona linanipunguza. Nikasema ni joka. Nikasema kichwa chake kimelala chini ya vilima vya Geita na mkia wake unaoshwa na maji ya ziwa kule Chato. Linalinda dhahabu. Linaona gizani, linasikia moyo wa mtu ukidunda hata akiwa juu ya ardhi, na likipumua, jiwe linayeyuka. Mlikaa midomo wazi. Nakiri nilifurahi, maana sijawahi kusikilizwa namna ile na mtu yeyote, wala kabla wala baadaye.

Kulwa ndiye aliyeharibu furaha. Akauliza, "Na baba?"

Mkaanza kulia wote wawili. Nililipa joka nguvu zote kwa usiku mmoja, na baba yenu nikamwacha huko chini mbele ya meno yake. Ikabidi nianze kulinyang'anya. Usiku uleule nikasema joka haliwezi kuvumilia harufu ya tumbaku, na baba yenu ananuka tumbaku mpaka kwenye kope. Mkapangusa machozi. Kesho yake, kabla hata sijazima moto, mkaniuliza, "Mayu, leo joka limeshindwa nini?"

Ikawa ndio desturi yetu. Kila usiku joka lilishindwa kitu kimoja. Halikuweza kupita juu ya maganda ya karanga kwa sababu yanapiga kelele nalo linaona haya. Halikuweza kumla mtoto aliyemaliza mlenda wake. Halikuweza kulamba chumvi. Nikiishiwa nilitazama huku na huku ndani ya nyumba, nikaona ungo, nikasema joka haliwezi kumkamata mtu aliyejifunika ungo, na kesho asubuhi nikamkuta bibi yenu anautafuta ungo wake, kumbe mmekaa chini yake nyuma ya nyumba, mmoja ameingiza kichwa na mwingine ameingiza matako.

Wewe ulipenda nguvu za joka. Kulwa alipenda mipaka yake. Aliishika yote kichwani, na ole wangu nikosee. Niliwahi kusema kwamba joka haliwezi kugeuka nyuma kwa sababu njia zake ni nyembamba. Baadaye nikajisahau, nikasema liligeuka likamfuata mchimbaji. Akakaa kitako. "Mayu, liligeukaje?" Nikasema lilirudi kinyumenyume. Akafikiri. "Na lilimwonaje, kama macho yako mbele?" Nikasema shingo haigeuki, ila jicho linageuka. Akatosheka, akalala. Sikujua kwamba hilo jicho nitalitumia tena.

Sasa nafika kwenye lile lenyewe, na mkono wangu haupendi.

Mwaka ule nililima pamba peke yangu. Jioni nilikuwa nikikaa chini nasikia kiuno kama si changu. Mlilala ngozi moja, na wewe, Doto, hukuwahi kulala kama watu. Ulipiga mateke, ulizunguka, asubuhi kichwa kilikuwa miguuni. Ukimpiga Kulwa teke analia, akilia bibi yenu anakohoa kile kikohozi chake cha kuniambia mimi ni mama wa namna gani, na mimi naamka. Usiku baada ya usiku naamka. Basi mliponiuliza siku ile joka limeshindwa nini, sikumfikiria baba yenu wala joka. Nilifikiria usingizi wangu. Nikasema: joka halimwoni asiyetikisika. Likija, mtu akisimama kimya au akilala kimya, linapita pembeni yake kama linavyopita jiwe.

Kulwa akanyooka palepale. Wewe ukajaribu, ukashindwa, ukaanza kucheka na kurusha miguu. Nikaona haijatosha. Nikaongeza. Nikasema, lakini mmoja akitikisika, jicho linageuka upande ule, na likigeuka linamwona hata aliye karibu yake, hata kama huyo wa karibu ametulia.

Hiyo niliitunga kwa ajili yako peke yako. Nilijua kwamba kwa nafsi yako hukuogopa kitu, ila pacha wako ulimpenda kuliko unavyojipenda mwenyewe. Nikakukamata hapo kwenye kupenda kwako, nikakufunga hapo. Ulitulia. Ulilala umeshika mkono wa mwenzako, macho umeyakaza, pumzi umeibana. Na mimi nililala usingizi mzuri sana. Nimewahi kufanya makosa mengine katika maisha yangu, mengine ya aibu kuliko hilo, lakini hakuna linaloniuma kama usingizi ule.

Siku yenyewe nadhani unaikumbuka, ila ulikuwa mdogo na uliiona kutoka upande wako. Nikueleze upande wangu.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Hapa kwetu tone halijaanguka, mto ulikuwa mchanga mtupu, na tulikuwa tunachota kwenye vile vishimo vinavyochimbwa katikati ya mto. Niliwatuma nyote wawili na vibuyu vyenu. Mimi nikabaki uani nabangua karanga za mbegu. Upande wa juu, mbali, kulikuwa na wingu, nililiona, nikafurahi kwamba wenzetu wa kule wanapata mvua. Sikufikiria zaidi ya hapo. Kila mtu wa huku anajua kwamba mto wa mchanga unajazwa na mvua ya mahali pengine, na mimi nilijua tangu nikiwa mtoto, na siku ile nilijua pia. Nilikuwa nabangua karanga tu.

Nikasikia ngurumo. Nilidhani ni lori la pamba. Niligeuka nikatazama barabarani, upande usio wa mto, na nikaendelea kutazama huko, nangoja vumbi.

Ndipo ulipokuja. Umeloa mpaka kiunoni, kibuyu huna. Ukasimama mbele yangu unahema, ukasema, "Mayu, Kulwa amesimama. Amesimama vizuri, hatikisiki hata kidogo."

Ulisema kama mtu anayeleta habari za kusifu. Ukaongeza neno jingine, ila nilikuwa nimekwisha kurusha ungo na kukimbia. Sikulisikia. Leo jioni, ulipokuwa unafunga sanduku, nimelisikia. Ulisema, "Mimi nimeshindwa, nimetikisika."

Nilipofika, mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna mtoto aliyesimama popote. Maji yalipopungua, wanaume walimkuta chini, kwenye mizizi ya mti. Sitaandika alivyokuwa. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umenyooka ubavuni, vile alivyokuwa akiuweka akilala.

Wanawake wazee wakamchukua. Mimi sikuruhusiwa kufika kwenye kaburi. Bibi yako akanishika mabega akaniambia, "Pacha haliliwi. Ukimlilia, atamwita mwenzake, na mwenzake ataitika. Unataka kubaki na yupi? Meza machozi yako." Usimchukie bibi yako. Alikuwa anakuogopea wewe, na alijua njia moja tu ya kukulinda, ile aliyoonyeshwa na mama yake. Nami nilikuwa nimebatizwa, nina rozari shingoni, lakini niliogopa kama yeye. Nikayameza. Jina la Kulwa likakatazwa uani. Watu waliokuwa wakiniita Mama Kulwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kutoka tumboni, wakaanza kuniita Mama Doto, na mimi nikaitika.

Wewe uliambiwa kwamba Kulwa amekwenda kuchunga mbali. Hukuuliza atarudi lini. Ningepaswa kushtuka kwa hilo, maana wewe uliuliza kila kitu.

Halafu kikaletwa kibuyu. Unakikumbuka, lazima. Bibi yako alikichagua mwenyewe, akakifunga kipande cha ngozi, na kila usiku kilikuwa kinalazwa pembeni yako pale alipokuwa akilala Kulwa. Ukipewa uji, nacho kilipakwa uji mdomoni. Ukipewa shanga, nacho kilivishwa. Ndiyo kazi yake kibuyu hicho, kukudanganya usijione umebaki mmoja, ili usimfuate. Ndivyo tulivyofanya huku tangu zamani, na sikuona ubaya wake.

Nilichokiona ni kwamba uliacha kupiga mateke. Kibuyu hakikutikisika, nawe hukutikisika. Uliyekuwa unazunguka ngozi nzima sasa ulilala chali, mikono ubavuni, mpaka asubuhi. Bibi yako akasema mtoto ametulia, dawa imefanya kazi. Mimi nikasema mtoto amekua. Nilisimama juu yako na koroboi mkononi nikakutazama, nikaona kope zako zinacheza, nikajua hujalala, unajizuia tu, na nikazima taa nikaenda zangu.

Usiku mmoja uliniuliza. Mara moja tu. Ukiwa chali hivyohivyo, ukanong'ona, "Mayu, leo joka limeshindwa nini?"

Nikasema, "Lala."

Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Ulikuwa umenifungulia mlango, Doto. Ungeniambia yote usiku ule. Lakini nilijua nikifungua mdomo nitalia, na nikilia utaitwa, na wewe ndiye niliyebaki naye. Basi nikakuacha na joka lako gizani, na sikukusimulia hadithi tena.

Wakati ule ulikuwa mtoto na leo wewe ni mwanamume, basi jibu lako ni hili. Hapakuwa na joka. Yalikuwa maji. Maji hayana jicho la kugeuza. Hayakumwona Kulwa kwa sababu wewe ulitikisika, na yasingempita kwa sababu yeye alitulia. Ulipokimbia hukumwonyesha kwa mtu. Ulikimbia kwa sababu mwili wako ulikuwa na akili kuliko hadithi ya mama yako, na kama usingekimbia, bibi yako angetafuta vibuyu viwili, sijui angevilaza pembeni ya nani.

Na Kulwa pia hakukosa. Alikuwa mtoto msikivu, akafanya alichofundishwa, akakifanya vizuri kama ulivyosema. Aliyekosa ni mimi. Sikukosa kwa kutunga joka, watoto hutungiwa majoka kila mahali. Nilikosa kwa kuwapa sheria iliyokuwa ya kunilinda mimi, nikaivika nguo ya kuwalinda ninyi.

Hilo ndilo nililolipata katika maisha haya, na ni dogo, wala silipambi. Huko unakokwenda utapewa sheria nyingi. Nyapara atakwambia usifanye hivi, simama hapa, nyamaza pale. Nyingine ni za kuokoa maisha yako, zishike. Nyingine ni za kumpumzisha nyapara, na hizo nazo atakuambia ni za kuokoa maisha yako, kwa uso uleule. Mimi niliwahi kuwa na uso huo. Uliza wazee waliokaa humo muda mrefu, mmoja mmoja, mkiwa mnakula. Na siku utakapokuwa na watoto, ukitaka walale kwa sababu umechoka, waambie umechoka. Watalia kidogo, bibi yao atakohoa kidogo, kutakucha.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Usije ukaniandikia barua ya kunisamehe upesi upesi kwa sababu mimi ni mama na wewe umefundishwa heshima. Kaa nayo. Mimi nimekaa nayo miaka hii na haijaniua, nawe una mabega mapana kuliko yangu. Ila lile jingine, la kwamba ulitikisika, hilo literemshe leo. Liache hapo barabarani lori linapopita. Halikuwa lako.

Nikuambie kilichotokea usiku huu, halafu nimalize, maana mafuta ya koroboi yanaelekea kwisha.

Nilipanda kwenye dari nikakishusha kile kibuyu. Tangu bibi yako azikwe hakuna aliyekigusa. Nimekifungua ile ngozi, imekauka, panya wamekula pembeni. Ndani ni kibuyu tu, Doto. Mdomoni kina alama ya uji wa zamani. Nikakipakata, na machozi yakatoka, na mara hii sikuyameza. Nimelia kwa sauti. Baba yako akaamka.

Akauliza, "Mama Doto, unamlilia nani?"

Nikasema, "Namlilia Kulwa."

Nilingoja aniambie ninyamaze. Yeye alikuja kutoka mgodini siku zile akakuta kila kitu kimekwisha, akaambiwa na mama yake asilie, akarudi kazini na macho makavu. Nilidhani ameshasahau, kama nilivyodhani wewe umesahau. Amekaa kitandani, amekohoa. Kisha akasema, "Ngoja nichukue koti langu, kuna baridi, nije nikae na wewe." Akaja akakaa chini pembeni yangu, akaweka mkono juu ya kibuyu, na tukalia wote wawili kama watoto. Sasa ameegemea ukuta amesinzia, na tumbaku imemwagika kwenye koti.

Bibi yako alisema nikimlilia, utaitwa. Nimelia, nikatega sikio. Nilikusikia chumba cha pili. Kitanda cha kamba kililia, ukajigeuza, ukapiga ukuta teke, ukakoroma. Nikatega tena, ukajigeuza tena. Sikujua kwamba umerudia kulala vibaya, nimekuwa nalala kwenye chumba changu naogopa kuja kutazama. Piga teke, mwanangu. Zunguka kitanda chote.

Huko chini, mwamba ukinguruma, kimbia. Aliyesimama pembeni yako mshike mkono mkimbie naye. Akikataa, kimbia hivyohivyo. Najua padre hatalipenda neno hilo, lakini padre hajazaa.

Alfajiri tutakusindikiza barabarani. Baba yako atasimama kwa heshima, mikono nyuma, kama inavyompasa mtu mzima. Mimi sitasimama. Lori likiondoka nitakimbia nyuma yake, na kitenge changu kikifunguka kifunguke, mpaka pumzi iniishie. Kwa hiyo unaposoma hapa umekwisha kuniona, na wenzako wamecheka, na wewe umeona haya ukajifanya hunijui. Sasa unajua nilikuwa nafanya nini. Wewe ulikimbia kutoka mtoni kuja kwangu, nami nilikuacha peke yako na jambo hilo. Leo nimekimbia mimi.

Usiku ule uliniuliza, leo joka limeshindwa nini. Limeshindwa kukupata.

Ni mimi,
Mama Kulwa na Doto